Parsele ya Kiangazi

Mwezi wa Julai, katika mwaka wa kawaida, bonde la Ruzizi ni nchi kavu inayovutia macho. Mvua zimekatika, matete yamefyekwa au kuchomwa, njia ya kwenda Kiliba inatoa vumbi, na mawe ya mipaka yanaonekana tangu mbali. Mnunuzi anayeletwa wakati huo na komisyoneri, yaani dalali, anaona tambarare, anaona barabara, anaona Ziwa Tanganyika likimetameta, na anasikia bei inayolingana na mfuko wake. Anachokiona ni kweli. Ila ni ukweli wa miezi minne kati ya kumi na miwili.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani na kupita katikati ya watu wa Uvira, mji wa Kongo ulio ukingoni mwa ziwa hilo. Zaidi ya 40 walifariki. Nyumba kwa maelfu ziliharibika, na mitambo ya shirika la maji la Regideso, inayochota maji katika mto huohuo, ikapigwa, katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuupa likizo ndefu. Miaka minne baadaye, Aprili na Mei 2024, maji hayakuja kwa kishindo. Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda polepole, sentimita baada ya sentimita, likaingia katika nyumba za ukingoni na kwenye gati za bandari ya Kalundu. Ng'ambo ya mpaka, Gatumba ilikuwa ndani ya maji tena kama ilivyokuwa mwaka 2020 na 2021, na katikati ya Aprili 2024 Serikali ya Burundi iliomba msaada wa kimataifa, nchi ikiwa na karibu watu 100,000 walioacha makazi yao kwa sababu ya mvua na mafuriko.

Baada ya kila tukio huzuka swali lilelile, na hujibiwa kwa hasira: nani alipaswa kujua? Hoja iliyo mezani hapa ni kwamba anayenunua shamba ndiye mwenye jukumu la kuchunguza maji kabla ya kutoa pesa. Sauti zinazojibizana hazina majina kwa sababu si za watu fulani. Ni hoja zenyewe, zilizopewa vinywa vya watu watano ambao kila mauzo ya ardhi ukanda huu huwakutanisha: komisyoneri, mvuvi mzee, mama anayelima mpunga, mpimaji wa ardhi, na mwalimu anayetafuta shamba la kujengea.

KOMISYONERI: Wakubwa zangu, tuseme wazi. Mimi sifichi ardhi, na ardhi haifichiki. Mteja namleta mchana, namzungusha pembe zote nne, namwonyesha majirani. Akitaka kurudi Aprili aone mvua, arudi. Lakini harudi. Kila mtu ana haraka ya kuandikishana kabla mwingine hajafika. Mvua ikija, lawama zangu zinatoka wapi?

MVUVI: Kijana wangu, ulimwonyesha majirani gani? Wale waliofika mwaka juzi nao hawajui. Mwaka 1964 baba zetu walifunga mitumbwi mahali ambapo leo kuna kuta za matofali. Maji yakarudi, watu wakasahau. Kisha yakashuka zaidi, ufuko ukawa mpana, na ufuko huo ndio mlioukata parsele.

Kumbukumbu ya mvuvi inaungwa mkono na vipimo. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilijaza maziwa mengi ya Afrika Mashariki, na Tanganyika likafika kilele mwaka 1964, juu kidogo ya mita 777 kutoka usawa wa bahari. Maji ya 2024 yalikikaribia kilele hicho. Karne ya 19 ziwa lilikuwa juu zaidi ya hapo, kwa sababu Lukuga, mto pekee unaotoa maji yake upande wa Kalemie, ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea. Msafiri Stanley alifika hapo mwaka 1876 na kuukuta karibu umesimama. Miaka michache baadaye mmisionari Edward Hore aliuona ukienda kwa nguvu, na ziwa likashuka mita zipatazo 10 kabla ya karne kwisha. Kila shamba lililo chini ya mstari ule wa kale liliwahi kuwa majini, au ukingoni mwa maji, katika wakati ambao vitukuu wa walioshuhudia bado wanaishi.

Katika miaka ya 2000 hali ilikuwa kinyume. Ziwa lilikuwa chini, na hofu ya nchi zinazolizunguka ilikuwa kukauka. Tanzania na Kongo zilifika mahali pa kuzungumzia kizuizi cha kujengwa katika Lukuga ili maji yasizidi kutoka. Mtu aliyenunua ukingoni enzi hizo alinunua ziwa likiwa limerudi nyuma, na hakuna karatasi iliyomwambia kwamba limerudi nyuma tu, halijahama.

Wapo wanaojipa moyo kuwa maji yakipanda yatashuka, wavumilie. Yatashuka, ndiyo, lakini kwa mwendo wake. Eneo la Tanganyika ni kilomita za mraba zipatazo 32,900. Sentimita moja tu ya kimo chake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 300. Sehemu kubwa ya maji hayo huondoka kwa kugeuka mvuke, si kwa kupita Lukuga. Hakuna bomba la kufungua. Nyumba ya matofali ya udongo iliyosimama majini misimu miwili haisubiri jua limalize kuyakausha.

MWALIMU: Mzee, mimi sina baba aliyefunga mtumbwi hapa. Nimetoka Bukavu kwa kazi. Nilidhani nikishika sertifika nimemaliza safari.

MPIMAJI: Mwalimu, sertifika ni ya lazima, ila tujue inasema nini. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi hii ni mali ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kuitumia. Sertifika ya usajili inataja nani, wapi, na ukubwa gani. Ikishapita miaka 2 ni vigumu mno mtu kuipinga. Lakini hakuna mstari hata mmoja ndani yake unaosema maji hufika wapi. Na sheria hiyohiyo inahesabu sakafu ya ziwa na mikondo ya mito kuwa milki ya umma. Ziwa likikaa juu ya parsele yako miaka mingi, utakuwa na karatasi safi ya mahali ambapo Serikali inaweza kukwambia ni pake.

MWALIMU: Basi ofisi yako ilipima nini?

MPIMAJI: Ilipima mipaka. Nikitumwa kupima mipaka, napima mipaka.

Jibu hilo la mpimaji si la dharau. Ndivyo kazi yake ilivyoandikwa. Ndipo pia penye kasoro kubwa ya mfumo mzima. Nje ya mji mambo hubadilika sura. Katika himaya za kimila za Bavira na Bafuliiru na ya Bonde la Ruzizi, shamba hupita kwanza kwa ukoo, kwa chifu wa kijiji, na juu yao kwa Mwami, mkuu wa himaya. Sheria ya 1973 iliahidi amri ya rais ya kupanga haki za ardhi za kimila, na miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mnunuzi wa shamba la kijijini huondoka na karatasi ya mauzo yenye saini za mashahidi, na mpaka unaotajwa kwa mti, kijito au mfereji.

Watu wa mjini huidharau karatasi hiyo. Kwa habari za umiliki wana sababu zao, kwa maana imeleta kesi nyingi. Kwa habari za maji, wanakosea. Shahidi wa kijijini ndiye anayejua mfereji huo ulifurika lini, kijito kilihama kutoka upande gani, na kwa nini ukoo ule uliacha kujenga pale ukahamia juu ya barabara. Anaitwa kushuhudia kwamba muuzaji ni mwana wa fulani, anapewa kinywaji chake, anatia saini na kwenda zake. Hakuna aliyemwuliza swali ambalo yeye peke yake alikuwa na jibu lake.

KOMISYONERI: Lakini nchi nyingine zimemaliza jambo hili kwa sheria. Wapime umbali kutoka majini, waweke marufuku, basi. Mteja akijua hapa ni halali na pale si halali, hatuna ugomvi.

Kweli majirani wameweka umbali. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka kwenye maji. Burundi, katika sheria yake ya maji ya mwaka 2012, iliweka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika na mita 25 kwa mito inayoingia ziwani. Ni hatua ya maana, na Kongo yenye sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 haina sababu ya kubaki nyuma katika kuisimamia. Lakini umbali unaopimwa kwa kulaza kamba chini haujui mwinuko. Chukua mfano: ziwa linapanda mita moja na nusu kutoka usawa wa Oktoba. Kule Makobola, ambako mlima unakaribia kukanyaga ufuko, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10 utayaruhusu maji kuingia mita 15 tu. Kwenye tambarare ya mlango wa Ruzizi, ambako ardhi inaweza kuinuka mita 2 kwa kilomita nzima, kupanda huko huko kunaleta maji mita 750 ndani ya nchi. Mita 150 ni nyingi mno mahali pa kwanza na si kitu mahali pa pili.

MPIMAJI: Hapo ndipo ninapotaka tufike. Swali la kwanza si "shamba liko mbali kiasi gani na ziwa?" Ni "liko juu kiasi gani?"

MWALIMU: Simu yangu inaonyesha mwinuko.

MPIMAJI: Simu inaweza kukosea mita 10 kwenda juu au chini, na hapa tunagombania mita 2. Iachie simu picha. Kwa mwinuko, mwite fundi mwashi na mpira wake mwangavu wa maji, ule anaousawazishia msingi. Mnaanzia usawa wa ziwa siku ya utulivu, mnapanda hatua kwa hatua, mnajumlisha. Ni kazi ya asubuhi moja kama shamba halipo mbali, na gharama yake ni ujira wa fundi.

Kipimo hicho kina sharti ambalo wengi hulisahau. Ziwa hupanda na kushuka karibu mita moja ndani ya mwaka mmoja: liko juu Aprili na Mei, liko chini Oktoba na Novemba. Anayepima mwezi wa Oktoba anaanzia chini ya ngazi. Kabla hajafurahia mita 2 alizozipata, aondoe mita 1 ya msimu, kisha aulize ziwa la mwaka huu liko chini ya mstari wa 1964 kwa kiasi gani. Hilo la mwisho halihitaji kubahatisha. Setilaiti hupima uso wa Tanganyika mara kwa mara na vipimo hutolewa bure. Hapohapo Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, ambacho kazi yake ni ziwa hili. Na juu ya hesabu yote, mawimbi: ukuta unaopigwa na wimbi huanguka kabla maji hayajafika kizingitini.

Picha za angani nazo zimekuwa karibu na mkono wa mtu wa kawaida. Kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kimechora, kwa picha za Landsat tangu 1984, ramani ya dunia inayoonyesha mahali palipowahi kuwa na maji na kwa muda gani. Picha za Sentinel-2 hupatikana kila siku chache tangu 2015, na za rada huona hata kupitia mawingu ya masika. Kijana mwenye intaneti Uvira anaweza kumwonyesha mwalimu shamba analolitaka lilivyokuwa Mei 2024. Picha moja ya mwezi huo ina thamani kuliko maelezo yote ya Julai.

MAMA: Ninyi mmepanda angani, mimi nitabaki chini. Mwalimu, shamba hilo lina mimea gani?

MWALIMU: Majani tu, Mama. Na miti michache pembeni.

MAMA: Majani gani? Matete ukiyakata yanachipua kutoka mizizini, na mzizi wake haudanganyi. Mafunjo yakiwepo, usiulize tena, hapo ni kinamasi. Kisha chimba. Shimo la kimo cha mtu mpaka kifuani, uliache usiku mmoja. Asubuhi tazama kama lina maji. Na udongo uliotoa, uvunje mkononi: ukiwa wa kijivu wenye madoa mekundu kama kutu, maji hukaa humo sehemu ya mwaka hata kama leo ni mkavu. Ukikuta makonokono ya ziwani katika mchanga, ziwa lilikuwa hapo.

MWALIMU: Na kama muuzaji hataki nichimbe?

MAMA: Basi umeshapata jibu. Lakini hata bila kuchimba, nenda kwa jirani umwulize choo chake kina kina gani. Akikwambia alichimba mita mbili akakuta maji, au kwamba hujenga choo juu ya kifusi, huna haja ya fundi. Choo kinachojaa maji ya chini wakati wa mvua ndicho kinacholeta ugonjwa kisimani. Hayo sisi wanawake ndio tunaoyajua, kwa sababu sisi ndio tunaochota, na sisi ndio tunaouguza.

Katika mjadala huu wote hakuna ushauri wenye uzito kuliko huu wa choo, na hakuna ofisi inayouandika. Uvira ni miongoni mwa miji ya Kongo ambayo kipindupindu kimefanya makao. Mnunuzi anayepuuza maji ya chini ya ardhi hahatarishi matofali yake tu. Anaweka choo na kisima cha watoto wake katika maji mamoja. Kinamasi kinachofukiwa kwa kifusi nacho hakipotezi maji yake. Huyasukuma kwa jirani, na jirani huyo mara nyingi ni yule asiyekuwa na pesa za kifusi.

MVUVI: Mmesema ya ziwa na ya chini. Yaliyoua 2020 hayakuwa hayo.

Na hapo mzee anaugeuza mjadala mahali panapostahili. Maji ya ziwa yanampa mtu muda wa kubeba godoro. Mto hautoi muda. Uvira imekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya milima ya Mitumba na ziwa, juu ya mawe na mchanga ambao mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira imeuleta kwa karne nyingi. Ardhi hiyo imetandazwa na mafuriko yenyewe. Mto wa namna hii hutupa mawe katika mkondo wake mpaka mkondo unajaa, kisha hutafuta njia nyingine, na njia hiyo nyingine inaweza kuwa avenyu.

Bonde la Ruzizi ni nchi yenye mvua chache kulinganisha na milima inayolitazama. Mtu wa Sange au wa Runingu anaweza kulala chini ya nyota huku mvua kubwa ikinyesha juu kwenye nyanda za juu, na mto ukamfikia usingizini. Mvua inayolibomoa shamba si lazima inyeshe juu ya shamba hilo. Ndiyo maana mnunuzi anayekagua parsele bila kupanda kwenda kuutazama mto kwa juu, mashamba ya mteremkoni na misitu iliyobaki, amekagua nusu. Tarehe 4 Mei 2023 vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe kando ya Ziwa Kivu, vilizikwa na mito iliyoshuka na matope na mawe. Zaidi ya watu 400 walifariki. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 ilikuwa zamu ya Kasaba, wilayani Fizi, kwenye ukingo wa Tanganyika hilihili: zaidi ya watu 60.

MPIMAJI: Mnunuzi atazame mawe. Mawe ya mviringo ndani ya udongo, mbali na mto, yameletwa na mto. Mawe makubwa kama pipa yakiwa juu ya ardhi, ainue macho aone yametoka wapi.

KOMISYONERI: Sawa, nimesikia. Sasa nami mnisikie. Mkiyafuata yote haya, nani atanunua? Juu ni mlima unaoporomoka, chini ni ziwa, katikati ni mto, na upande wa kaskazini ni kinamasi. Watu wa Uvira wakaishi wapi? Walioikimbia vita milimani wakanunua kule chini hawakununua kwa ujinga. Walinunua kwa sababu ndiko pesa yao ilikofika.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote za upande wake, na haifai kupitwa haraka. Ardhi ya maji ni rahisi kwa sababu ina maji, na maskini huipata kwa sababu ni rahisi. Kumwambia mama aliyekimbia Bijombo, huko milimani, na watoto watano kwamba angelipaswa kutazama picha za setilaiti ni kumtwika mzigo usio wake. Dar es Salaam ilipita njia hii. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali ilizihamisha familia za bonde la Msimbazi na kuzipa viwanja Mabwepande. Bonde halikubaki tupu, na Desemba 2015 nyumba zikawekwa alama nyekundu za X na kubomolewa. Naivasha, Kenya, wakazi wa Kihoto waliona ziwa likiingia majumbani mwaka 2020, katika mtaa ambao watu walikuwa wamenunua na kujenga mchana kweupe. Kote huko mnunuzi alikuwa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kulipa.

Ndiyo sababu hoja iliyowekwa mezani, kwamba mnunuzi ndiye achunguze, ni nusu ya haki. Achunguze, naam: achimbe shimo, alete fundi na mpira, aje Aprili, aulize choo. Lakini watu watatu wanatia saini kabla yake na baada yake, nao wote wanajua kuliko yeye. Muuzaji anajua. Chifu wa kijiji anajua. Ofisi ya ardhi inaweza kujua kwa siku moja ya kazi. Wanaojua wakitia saini bila kuandika, ukimya wao umeuzwa pamoja na shamba.

MWALIMU: Basi tuweke mstari katika karatasi ya mauzo. Mmoja tu. Maji ya 1964, ya 2020 na ya 2024 yalifika wapi katika shamba hili.

KOMISYONERI: Na mtu akisoma hivyo, bei inakufa.

MWALIMU: Bei ya leo imekufa kwa nani? Wewe unachukua asilimia yako Julai. Mimi nahesabu hasara Aprili.

MPIMAJI: Kisheria hakuna kinachotukataza kuandika. Katika ripoti ya kupima na kuweka mipaka naweza kuongeza kimo cha shamba juu ya ziwa na tarehe niliyopima. Na shamba la kijijini hupitia uchunguzi kabla ya kutolewa. Watu huulizwa kama kuna anayedai. Mkutano huohuo unaweza kuulizwa kama kuna maji yanayodai.

MVUVI: Mashahidi wawe wawili, na mmoja awe mtu aliyekuwa mkubwa mwaka 1964. Hatujabaki wengi. Muandike upesi.

KOMISYONERI: Mzee, hilo nalikubali. Lakini shamba lililo chini ya mstari muandike pia linafaa kwa nini. Msiliandikie kifo tu. Mwenye shamba naye ana watoto.

MAMA: Hapo umesema neno, mwanangu. Mimi nalima mpunga katika shamba ambalo ninyi wote mngelikataa. Maji yakija, mpunga unayataka. Yakizidi, nimepoteza msimu mmoja, sijapoteza nyumba, kwa sababu nyumba yangu iko juu ya barabara. Matete ninayaacha upande wa mto, samaki wanazalia humo na wimbi linavunjikia humo. Sikulinunua, nalikodi kwa msimu, na mwenyewe anapata chake kila mwaka. Muandike hivyo: la mpunga, la kukodi, si la kujenga.

KOMISYONERI: Na asilimia yangu kwenye kukodi?

MAMA: Ndogo, lakini kila mwaka. Hesabu mwenyewe miaka kumi.

Mpimaji ameshatoa kalamu. Mwalimu anataka shamba lake la Kavimvira lipimwe upya kabla ya kulipa sehemu ya pili ya pesa, na komisyoneri anasema muuzaji hatasubiri hadi Aprili. Wanakubaliana kwamba fundi aje Jumamosi na mpira wa mita 20, kwamba shimo lichimbwe mbele ya chifu, na kwamba mvuvi aonyeshe kwa mguu wake mahali pa mtumbwi wa 1964. Bado hawajakubaliana nani amlipe fundi.